Gololi Iliyoitwa Masika

Sogea karibu, rafiki yangu, na usiwe na haraka, maana jambo hili nalieleza kwa mara ya kwanza na nataka ulielewe vizuri. Mwezi uliopita nilirudi Tabora kuondoa vitu katika karakana ya marehemu baba. Nyuma ya rafu, ndani ya kopo la lehemu lililoshika kutu, nikakuta vipande vitatu vya kioo. Nilivijua hata kabla sijavifuta vumbi. Mimi ndiye niliyevificha humo, nikiwa na miaka kumi.

Baba alikuwa fundi wa mabati. Alitengeneza ndoo, karai na koroboi, na nyundo yake ilisikika mtaa mzima tangu asubuhi. Nikitoka shule nilimvutia mifuo, vile viriba vya kupulizia moto wake, kisha bibi akanipa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, kisha nikakimbilia kwenye gololi. Njia ya mbele ya nyumba yetu ndiyo waliyopita zamani wapagazi wa misafara, na kila iliponyesha mvua kubwa mchanga ulitoa shanga zao za kioo. Kwa hiyo watoto wa pale tulijua kutazama kioo. Tulikiinua juani kwanza, ndipo tukakisifu.

Gololi za dukani zilifanana zote, lakini mara chache ilitokea iliyokosewa. Nikueleze. Kiwandani kioo huyeyushwa kikawa kizito kama uji. Rangi moja ikiisha, na nyingine ikamiminwa kabla tanuri halijatakata, mabaki ya ile ya kwanza huchuruzika ndani ya ile ya pili. Hakuna aliyekusudia, na hakuna awezaye kuirudia.

Rafiki yangu wa nyumba ya pili alikuwa nayo moja ya namna hiyo. Manjano yalikuwa yameingia ndani ya buluu, na yalipokutana pakawa na kijani cha majani machanga, na juu yake utando wa kijivu kama mvua inayokuja kutoka mbali. Tuliiita Masika. Baba yake ndiye aliyemchagulia, akipekua boksi zima dukani mpaka mwenye duka akamuuliza kama anatafuta mchumba.

Baba huyo alikuwa kibarua mjini. Watu walipotakiwa kuhamia vijiji vya ujamaa, familia yake ikapangiwa kijiji upande wa Lusu, naye akatangulia kujenga. Siku ya kuondoka alimwambia binti yake, nami nikisikia, kwamba akishuka kwenye lori asihangaike na shikamoo. Amwonyeshe Masika kwanza, ajue kweli ni mwanawe. Tulicheka sana.

Ilibaki siku mbili lori lije nilipomwomba aniazime Masika. Alinipa papo hapo. Nami nilikuwa nimegundua jambo pale karakana: gololi ukiiweka pembeni mwa mkaa ikapata moto, kisha ukaitumbukiza kwenye maji baridi, hupata nyufa ndani bila kuvunjika, na nyufa hizo hung'aa kama fedha. Nilikuwa nimeifanyia yangu moja ya rangi ya chai, ikapendeza. Nikawaza, kama hii ya kawaida imekuwa hivi, Masika itakuwaje? Nilitaka iwe zawadi yangu ya kumuaga.

Leo najua kosa langu. Vioo viwili visivyo vya asili moja havipoi kwa mwendo mmoja, na pale vinapoungana ndipo pana udhaifu. Pale pale palipotupendeza. Maji yalitoa sauti ndogo, tki, kama mtu anayevunja karanga, na Masika ikawa vipande vitatu.

Bibi alizoea kusema juu yangu kwamba mtoto huyu humweleza mtu mpaka mtu akaona haya kutoelewa. Mtaani waliniita Bi Maelezo. Basi kesho yake nilimpelekea rafiki yangu ile ya rangi ya chai, nikamweleza kwa subira, kama ninavyokueleza wewe sasa. Nikamwambia ni Masika yenyewe, nimeipamba. Chungu huingia motoni cheusi kikatoka chekundu, na kioo ni vivyo hivyo. Rangi zake zimejificha ndani ya nyufa.

"Zitarudi lini?" akauliza.

"Mvua zikianza," nikasema.

Aliifunga kwenye pindo la khanga ya mama yake. Lori lilipoondoka, na kuku na vyungu na vitanda juu yake, alinipungia mkono ule ule uliokuwa umeshika pindo.

Tulionana tena tukiwa watu wazima, kwenye foleni ya hospitali pale Kitete, kila mmoja na mtoto mgongoni. Yeye ndiye aliyenitambua. "Kumbe Bi Maelezo yu hai," akasema, na watu wa kwenye benchi wakacheka. Kisha akanisimulia taratibu, akimbembeleza mwanawe. Baba yake aliigeuzageuza ile gololi, akasema si yenyewe. Yeye akashikilia kwamba ndiyo, akaeleza habari ya chungu na nyufa, neno kwa neno. Baba akasema haya, tungoje mvua. Mvua zikanyesha, na rafiki yangu kila asubuhi akaiinua juani. Siku moja ikagawanyika kiganjani mwake, na ndani ilikuwa chai tupu, hakuna hata tone la buluu.

"Gololi si kitu," akaniambia. "Nilimbishia baba yangu kwa ajili yako. Tangu siku hiyo kila nililomwambia aliniuliza, shahidi wako nani? Mpaka amekufa ananiuliza."

Nikafungua kinywa nianze.

"Usinieleze, dada," akasema. "Wewe ukieleza, mtu huamini."

Jina la mwanawe likaitwa, akaenda.

Wiki ile niliyovipata vipande nilipanda basi nikavipeleka Lusu. Nilionyeshwa kaburi la yule mwenzangu, jipya bado, kando ya la baba yake. Nikarudi navyo. Karakana imeuzwa, na njia ya wapagazi imefunikwa lami, mvua inyeshe itakavyo haitoi ushanga hata mmoja. Vipande ninavyo hapa. Nikivikutanisha juani, kile kijani bado kipo.

Basi, rafiki yangu, ukiazimwa kitu cha mtu, kitazame, kifurahie, kisha kirudishe. Na kikikuvunjikia mkononi, chukua vipande vyote, mpelekee mwenyewe siku hiyo hiyo, na usieleze kitu mpaka akuulize.