Mfuko Mwepesi

Lori liliacha lami, likalalia upande mmoja kama mtu anayechechemea, likaingia mtaa ambao mgeni hakuwahi kuuona. Kuta zilikuwa ndefu, mageti yamepakwa rangi, na nje ya kila geti mifuko ya taka imepangwa ikisubiri. Mgeni, aliyepewa lifti, alikuwa amebanwa katikati ya kiti, kushoto utingo, kulia mwenye gari akiendesha mwenyewe. Alikuwa mtu wa safari nyingi, na njia nzima alikuwa akieleza kwamba katika kila lugha aliyojifunza kuna jina la wazoaji taka, na hakuna lugha hata moja inayolitaja bila kukunja pua.

"Sisi wanatuita Manukato," akasema utingo. "Wakituona tu: Manukato hao, funga dirisha."

"Halafu gari likichelewa siku moja," akasema mwenye gari, "mdomo uleule unakupigia simu kukulilia kama mchumba."

Akacheka mwenyewe. Utingo alimkonyeza mgeni, kwa maana bosi wao hakuwa mtu wa kucheka asubuhi. Leo alikuwa amenyoa ndevu, na ovaroli yake ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi mpaka ikasimama.

Mgeni angemwona miaka mitatu iliyopita asingemjua. Alikuwa na malori manne, na kila lori lilikuwa na ugonjwa wake. Biashara ya taka haina sikukuu. Mwenye duka akifunga, bidhaa zinabaki rafuni kama zilivyo. Taka zikilala, huamka kubwa kuliko zilivyolala. Chupa za dampo zilichana matairi. Mvua ikinyesha, njia ya dampo inageuka uji, malori yanapanga foleni mchana kutwa huku mitaa mitatu inasubiri. Majirani wa yadi walitaka aondoke, ingawa walihamia wakamkuta. Na simu zake mbili zilikuwa kama mapacha wachanga: huyu akinyamaza, yule anaanza. Alizipokea zote, akala chakula kimepoa, akalala nazo chini ya mto, mpaka siku alipoanguka yadini kati ya malori mawili akimgombeza fundi.

Daktari alimpima presha, akasema, "Mzee, hizi simu zitakuzika. Mpe mtu mwingine apokee. Halafu tafuta kazi moja unayoipenda, uifanye kwa mikono yako, kichwa kipumzike."

Akaajiri binti wa simu, mpole, mwenye sauti ya muuguzi, akamkabidhi simu zote mbili. Agizo lilikuwa moja. "Usiniletee mtu anayelia wala anayetukana. Mpoze, mwambie gari litapita lini, basi." Binti akalishika agizo hilo kama kiapo. Presha ikaanza kushuka.

Na kazi aliyoipenda ilikuwa mtaa huu. Aliwaambia madereva wake, "Huu niachieni mimi." Waliomfahamu hawakuuliza. Nyumba ya geti la kijani ilikuwa ya binti yake, mtoto wake wa pekee, aliyekuwa hasemi naye.

Siku mama yake binti huyo alipokuwa anakata roho hospitalini, lori moja lilipinduka njiani, taka zikaziba barabara, askari wakamzonga. Alisema anamaliza sasa hivi, anakuja. Alipofika, kitanda kilikuwa kimekwisha kutandikwa upya. Binti yake alitazama viatu vyake vyenye tope, kisha akamtazama usoni. "Taka hazikuweza kungoja, baba," alisema. "Mama ndiye aliyeweza."

Tangu hapo habari za mwanawe alizipata getini. Kwanza maboksi ya dawa za wajawazito. Baadaye boksi kubwa la kitanda cha mtoto. Kisha nepi. Hakuwahi kufungua mfuko. Mzoaji hana haja ya kufungua. Mfuko wa nepi una uzito wake, huvuta bega upande mmoja, na mtu aliyezoea anaujua kabla haujamfika kifuani. Kila wiki aliubeba mwenyewe, hakumruhusu utingo. Mjukuu alimwona mara mbili tu, akiwa amebebwa na yaya, macho yote kwenye taa za lori. Babu alimpungia mkono. Yaya ndiye aliyepunga.

Wiki chache zilizopita mfuko ulianza kuwa mwepesi. Aliunyanyua akashangaa, akaunyanyua tena.

"Kaacha nepi," akamwambia utingo siku ile. "Hajafika hata miaka miwili. Hicho ni kichwa cha bibi yake."

"Au cha babu yake."

"Babu yake alikojoa kitandani mpaka anaanza shule."

Walicheka mpaka mwisho wa mtaa. Tangu siku hiyo alikuwa akihesabu moyoni namna mtoto anavyokua: anayejua kwenda chooni anajua kutembea, anayejua kutembea anajua kuuliza, na siku yoyote atauliza babu yuko wapi. Ndipo akaamua kwamba leo hatachukua mfuko aondoke. Leo atashuka, atagonga geti, ataomba kumshika mjukuu wake.

Akasimamisha lori mbele ya geti la kijani, akazima injini. Hakuwahi kuizima hapo.

"Bosi," akasema utingo, "kama atakufukuza, sisi hatujaona kitu."

"Akinifukuza nitarudi wiki ijayo. Taka atakuwa nazo tu."

Kabla hajagonga, geti likafunguka. Binti yake alikuwa anatoka. Amekonda, kitambaa kichwani, mkono mmoja ameshika ndoo ndogo ya maji, mkono mwingine mche uliofungwa mizizi kwenye nailoni. Alisimama ghafla, maji yakayumba.

"Shikamoo, baba." Aliisema kama mtu anayelipa nauli.

"Marahaba, mama. Hujambo?" Alifuta mikono kwenye ovaroli iliyokuwa safi. Maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima yakamtoka yote mara moja. "Sikuja kwa ajili ya mifuko. Najua nilikukosea, na sikuja kubishana. Ila nimeona mtoto kaacha nepi. Nikasema, jamani, na mimi babu mtu nimshike angalau mara moja, kabla hajaanza kunikimbia."

Binti yake alimtazama kama anayengoja mzaha uishe. Haukuisha.

"Baba," akasema polepole, "hukuambiwa?"

"Niambiwe nini?"

Aliiweka ndoo chini. "Tulimzika. Wiki ile tulikuwa kwa wakwe zangu. Homa ilimshika, siku ya pili hakuamka. Msiba ulikuwa hukohuko."

Mwenye lori alisikia, lakini akili yake ilibaki kwenye mfuko. Alikuwa bado anaupima.

"Nilikupigia," akaendelea binti. "Simu yako alipokea msichana. Nilikuwa nalia, sikuweza hata kusema mimi ni nani. Nikamwambia, mwambie bosi wako aje. Aje mwenyewe, aje leo. Akaniuliza naishi mtaa gani. Nikamtajia. Akaniambia, pole mama, tulia, gari litapita kwako keshokutwa."

Baba aliijua sauti ile, na alijua kwamba binti wa simu hakukosea hata neno moja. Wote wanaopiga husema hivyo: njooni, njooni leo. Wiki ileile daktari alikuwa amemfunga mkanda mkononi, akautazama mshale, akamsifu kwamba presha yake ni ya kijana.

"Na keshokutwa ukapita kweli," akasema binti yake. "Nilikuwa nimerudi kuchukua nguo zake za kumvisha, nikawa pale dirishani. Nikajiambia, kaambiwa, amekuja. Ukashuka. Ukanyanyua mfuko kwa kidole kimoja, baba, ukaurusha juu, ukaondoka unapiga mluzi."

"Sikujua."

"Sasa naona hukujua. Ila mimi mluzi ule nimeusikia kila siku. Nikipika nausikia. Nikasema, basi, kwake sisi wote ni taka za siku moja."

"Nilidhani amekua," akasema. "Mfuko ulikuwa mwepesi, mama. Nilidhani amekua."

Akashika nguzo ya geti. Kwenye lori, utingo alikuwa amevua kofia na kuiweka mapajani. Mgeni alitazama mbele, kwenye kioo chenye vumbi, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kutazama. Miaka yote hii mzee alikuwa akijisifu kwamba mifuko haimdanganyi: humwambia nani anaumwa, nani kaoa, nani kaachwa. Na kweli haikumdanganya. Nepi ziliisha. Sababu ndiyo aliyoitia yeye mwenyewe, akachagua ile iliyomfaa.

Binti yake alijipangusa uso kwa ncha ya kitambaa, akaiinua ndoo.

"Nilikuwa nakwenda kaburini kwake," akasema. "Nataka nipande kitu kabla jua halijawa kali."

Hakusema njoo. Hakusema baki. Baba yake alijitazama ovaroli na viatu.

"Nina nguo za kazi," akasema.

"Naziona."

"Naweza kwenda kubadilisha. Nitakukuta."

"Baba." Lilitoka kwa ukali, kisha likashuka. "Usiseme utanikuta."

Baba alinyoosha mkono kwenye ndoo, na binti yake akafikiri kwanza, kisha akamwachia. Mche aliubeba mwenyewe.

Wakati huo jirani wa geti la pili alikuwa ametoka na mfuko wake, akaukuta mtaa mzima umejaa mifuko na lori halingurumi. "Mbona mmesimama?" akamwuliza utingo. "Sisi tungoje mpaka saa ngapi?"

"Leo hatuzoi, mama. Kuna msiba."

"Wa nani?"

"Wa mwenye gari."

Jirani akatazama upande wa geti la kijani, akaelewa alichoelewa, akaurudisha mfuko wake ndani. Utingo akachungulia dirishani. "Bosi, gari je?" aliuliza, lakini kwa sauti ndogo, na bosi hakugeuka. Kwa mara ya kwanza aliliacha lori lina mzigo, katikati ya njia, na funguo zake zinaning'inia.

Binti alikwenda mbele. Baba alifuata nyuma yake, hatua chache, si karibu na si mbali, kama mtu asiyejua kama amealikwa. Maji yalikuwa yakimwagikia viatuni, naye akawa anatembea taratibu zaidi ili yasiishe. Mgeni hakushuka. Alibaki kitini na utingo, mifuko ya watu imewazunguka pande zote, wakawatazama wale wawili mpaka ukuta wa mwisho ukawaficha.