Chupa Sita kutoka Shamba la Baba

Nilikuja Stockholm kusoma, nikaishia kuosha glasi. Nasema hivyo bila aibu, maana glasi ndizo zilizonipa kazi niliyo nayo leo. Mgahawa ulikuwa mtaa wa Södermalm, nami nilisimama kwenye sinki kutwa nzima, kila glasi inayorudi nikiinusa kabla ya kuitia kwenye maji. Sikufundishwa na mtu. Nimekulia nje kidogo ya Dodoma, kwenye shamba la zabibu la baba, na pua yangu ilijua mvinyo kabla sijajua kusoma.

Siku moja zikarudi glasi nne za meza moja, zote nusu, zote zinanuka boksi la karatasi lililolowa. Nikamwendea mwenye mgahawa, mama wa Kiswidi mrefu asiyecheka ovyo, nikamwambia chupa ile mbovu, kizibo kimeiharibu. Akainusa. Akanitazama juu mpaka chini. "Si wewe ndiye unayeosha vyombo?" Nikamwambia ndimi. Kesho yake akanitoa kwenye sinki, akanipeleka kusomea mvinyo.

Vitabu sikuviogopa. Kilichonishinda ni kutema. Jamani, kutema! Mtaalamu wa mvinyo anaweza kuonja aina thelathini kabla ya chakula cha mchana, na akizimeza zote atatolewa amebebwa, kwa hiyo pembeni pana ndoo ya kutemea. Sasa kwetu ukikaribishwa kitu ukakitema mbele ya aliyekukaribisha, umemtukana yeye na ukoo wake. Wiki za kwanza nilimeza kila nilichopewa, nikarudi nyumbani Bredäng kwenye treni nimekumbatia nguzo, nacheka peke yangu. Rafiki yangu wa kanisani Hallunda, mama Mkongo kutoka Bukavu anayeongoza kwaya, nilipomweleza alishika kiuno. "Ati nini? Weye unalipwaka kwa kutema? Dada, Mungu akusamehe!" Hadi leo tukikutana huniuliza kama nimetema vizuri wiki hii.

Kutema nilijifunza, lakini lipo jambo moja la nyumbani ambalo sikukubali kuliacha. Baba alijitengenezea mvinyo kidogo kila mavuno, na wageni walipokuja alijimiminia yeye kwanza kwenye kikombe cha bati, akanywa mbele ya macho yao, ndipo akawapa. Kwetu mwenyeji huonja kwanza, ili mgeni ajue hakuna sumu wala ubaya wowote. Kwa baba haikuwa habari ya sumu tu. Mvinyo usipomridhisha aliweka kikombe chini, akasema, "Leo tutakunywa maji," na mazungumzo yakaendelea. Hakuomba radhi, hakutoa sababu. Hata mchungaji alikunywa maji.

Nilipoanza kujitegemea nilifanya vilevile. Huku chupa ya kwenda nayo nyumbani huuzwa na duka la serikali peke yake, kwa hiyo mimi naagiza kutoka kwa wakulima wadogo wa nchi mbalimbali na kuwauzia wenye migahawa. Nafika, nafungua chupa, najimiminia, naonja mbele ya mnunuzi. Namwambia kwanza kasoro yake, halafu uzuri wake. Wengine waliona ni ulafi. Mmoja aliniuliza kama nina kiu, nikamwambia ndiyo, ninayo. Lakini polepole watu wakazoea kwamba yule dada wa Tanzania akishakumiminia, kitu ni kizuri. Sina kampuni kubwa nyuma yangu wala jina la ukoo linalofungua milango. Mtaji wangu ni huko kuonja.

Sasa nije kwa mdogo wangu. Baba alipofariki shamba lilikauka, na huyu mdogo wangu alikuwa dereva wa lori. Mimi ndiye niliyempigia simu nikamwambia aache lori, apande mizabibu upya, atengeneze mvinyo, mimi nitauuza huku. Mimi, kwa mdomo wangu huu. Akaniamini. Akaacha lori, akapanda, akangoja miaka, na hatimaye akampa msafiri chupa sita za kwanza aniletee, zimeviringishwa kwenye kanga kuukuu. Mama mwenye mgahawa, yuleyule aliyenitoa kwenye sinki, akasema ukiwa mzuri atauchukua wote, na kwenye orodha yake utaandikwa kwa jina la shamba. Nilipompa mdogo wangu habari hiyo alipiga kelele hadi nikaisogeza simu mbali na sikio.

Hapo nikafanya kosa la kijinga, mimi mtaalamu mzima. Sikuuonja nyumbani. Chupa zilikaa wiki mbili juu ya kabati langu na sikuzigusa. Mvinyo wa kwanza wa shamba la baba tangu afe, uunywe peke yako chumbani, kama mlevi? Thubutu! Nilitaka ufunguliwe mbele ya mgeni, kwa heshima yake.

Basi tukaketi mchana, mgahawa ukiwa bado mtupu. Nikafungua, nikajimiminia. Glasi haijafika mdomoni, nilishajua. Siki. Siki, na nyuma yake ile harufu kali ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Nikanywa hata hivyo, nikiomba pua iwe imenidanganya. Haikunidanganya.

Nitasema ukweli wote: nilifikiria kutabasamu. Yule mama hakuwa anaitazama chupa, alikuwa anautazama uso wangu, kama miaka yote. Ningetabasamu, angeonja, angesita kidogo, kisha angejiambia labda zabibu za huko ndivyo zilivyo, kwa kuwa mimi nimesema. Na mdogo wangu angelala na furaha siku ile. Mkono ulikuwa tayari umeishika shingo ya chupa.

Nikaiachia. "Usinywe," nikamwambia. "Leo tutakunywa maji."

Akaenda kuleta jagi. Aliporudi akachungulia ndoo ya kutemea, akaikuta kavu. "Hukutema," akasema. Nikamwambia huu siwezi kuutema. Nikalia palepale juu ya kitambaa chake cheupe cha meza, kilio cha sauti, bila kujali mpishi aliyetoa kichwa jikoni.

Nilimpigia mdogo wangu nikiwa nje ya kituo cha Bredäng, maana sikutaka kuingia na maneno yale ndani ya nyumba yangu. Nikamuuliza mvinyo aliuhifadhi vipi. Akanieleza kwa furaha, maskini, kwamba kila jirani aliyekuja kumpongeza alimfungulia pipa akamchotea. Kijiji kizima kilipita pale. Pipa likabaki nusu mvinyo na nusu hewa, linafunguliwa na kufungwa wiki baada ya wiki, na hewa ndiyo inayougeuza mvinyo kuwa siki. Lakini angefanyaje? Watu wamekuja kukupongeza, uwafungie pipa? Hata mimi nisingeweza.

Nikamwambia umeharibika, na kwamba mnunuzi nimemwambia hivyo. Akasema, "Umemwambia Mzungu mvinyo wa shamba la baba ni mbovu? Dada, ungenyamaza ungekufa?" Akakata simu.

Miezi mitano hakunipigia wala hakupokea. Nilimwandikia ujumbe mrefu mrefu: jaza pipa mpaka juu, lizibe, wageni wape soda. Alama mbili za bluu zinaonekana, jibu hakuna. Nilimkasirikia, halafu nikajikasirikia zaidi, kwa kuwa ni mimi niliyemtoa kwenye lori lake. Nikawa naonja mvinyo wa watu wengine na kutema, huku najiuliza kama siku ile nilimheshimu baba au nililinda jina langu tu.

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Baada ya mavuno yaliyofuata, Jumapili moja tukitoka kanisani Hallunda, mama wa kwaya ananitania kama kawaida yake, simu ikaita. Mdogo wangu! Hakunisalimia.

"Nina wageni," akasema. "Pipa nimelijaza mpaka juu, nikaliziba, kama ulivyoandika. Leo ndiyo mara ya kwanza nalifungua. Nimeonja mimi kwanza."

Nikamuuliza, "Ukoje?"

"Siki hakuna. Ila bado mkali, unakwaruza koo. Haufai kumpa mtu."

Nilitaka kumwambia neno, hongera, pole, nisamehe, sijui lipi. Nyuma yake nilisikia watu wakicheka na vikombe vikigongana, na mzee mmoja akiuliza mbona vinachelewa kujazwa. Mdogo wangu akaniacha kwenye simu, akawageukia. Sauti yake ilikuwa ya baba kabisa.

"Leo tutakunywa maji," akawaambia.

Hakuomba radhi, hakutoa sababu.