Nyangeta, Weka Kisu Chini

Jamani, tangu jana najaribu kuandika "marehemu Nyangeta" na mkono unagoma. Mtu niliyeongea naye wiki iliyopita akinicheka kwamba nimenenepa, leo tunamtafutia gari la kumtoa Bunda kumpeleka Majita, kwa kina mumewe, tukamzike.

Wengi mnamjua kama mama wa mgahawa pale Bunda, yule ambaye hakuruhusu mtu aondoke na njaa. Mimi namjua tangu tukiwa wasichana, mezani kiwandani, tunakata minofu ya sangara.

Ilikuwa miaka ile viwanda vya samaki vinafunguliwa Musoma. Foleni za sukari zilikuwa zimeisha, ila na ajira nazo zilikuwa zinaisha. Baba yake alipunguzwa kazini, akarudi Butiama na baiskeli na godoro. Nyangeta aliniambia yeye hatapunguzwa, kwa sababu hatawapa sababu.

Na kweli hakuwapa. Tulipanga chumba kimoja Kigera, na koti lake jeupe la kazini alikuwa analipiga pasi nje na ndani. Ukimuuliza nani anaona ndani, anakujibu, "Mimi naonaga."

Mezani akimaliza trei yake alikuwa anavuta ya kwangu na kuirudia, bila hata kuniomba. Supavaiza akipita ananisifu mimi. Nilizoea haraka, sitawadanganya.

Wakampa usupavaiza. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na sisi tukadhani anapanda chati. Aliacha kula mchana. Akifika getini anarudi kuangalia kama mlango wa chumba cha barafu umefungwa, anafika tena getini, anarudi tena. Shifti ya pili inaingia yeye bado yupo, anarudia minofu iliyokwisha kupita. Ukimwambia apumzike, anakwambia mzigo wa export ukirudishwa tunafungashiwa virago wote.

Kisha akaolewa, akahamia Kitaji, na baba mkwe wake akaja kumsalimia kutoka Majita. Wale ni watu wa ziwani, mgeni wa heshima anawekewa samaki na kichwa chake. Nyangeta, mtoto wa wafuga ng'ombe, alihangaika jikoni tangu asubuhi. Akaleta sahani ya vipande vyeupe vinavyolingana, hakuna ngozi, hakuna mwiba, hakuna kichwa. Export kabisa.

Mzee akaitazama sahani, akauliza kwa upole, "Mwanangu, huyu samaki alikuwaga na kichwa?"

Tulicheka wote, mzee mwenyewe wa kwanza. Nyangeta hakucheka. Nilimkuta jikoni amekaa chini, analia. "Nimekosea, Perusi. Nimekosea tena." Niliogopa, maana yale hayakuwa machozi ya samaki.

Haikupita muda, asubuhi moja kazini akasimama na kisu mkononi, mnofu uko mbele yake, na asiweze kukata. "Nikianza tu nitaharibu," akasema. Tulimtoa pale kwa kumshika mikono.

Maneno yakaanza. Karogwa, anaringa, ana mimba. Siku hizi mnaita burnout, uchovu wa kazi uliopitiliza, na mnaiandika vizuri humu mitandaoni. Wakati ule hatukuwa na jina lake. Namshukuru daktari mmoja aliyemwambia kwamba huu ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, si aibu, akampa dawa na kumwambia apumzike kazi kwanza.

Namshukuru zaidi mama yake, aliyekuja kumchukua na kumpeleka Butiama. Nyangeta alikuwa analia kwamba atapoteza kazi. Mama akamwambia, "Kazi ikienda, iende. Nyangeta mwingine nitamtoa wapi?"

Nilipoenda kumwona nilimkuta na ungo wa maharage. Mawe alishayatoa, sasa alikuwa anatenga makubwa huku na madogo huku. Mama akapita, akayachanganya yote kwa kiganja, akamimina chunguni. "Yote yanaendaga tumboni," akasema, akaenda zake. Nyangeta akachungulia chungu. Halafu akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Kigera.

Msidhani alipona siku hiyo. Ilikuwa polepole, na kuna miezi alirudi nyuma. Kiwandani alirudi kwenye meza ya kawaida, usupavaiza akaukataa, na baadaye akaacha, akafungua mgahawa wake Bunda.

Sasa nisikilizeni kwa nini namlilia hivi. Biashara huria ilipotupanda wote kichwani, nami nikafungua duka Musoma, na zamu yangu ikafika. Silali, nafuta rafu ile ile, nafokea wateja, na kila mtu ananisifu kwa bidii. Nyangeta peke yake ndiye aliyeona. Alipanda gari kutoka Bunda, akaingia dukani, akafunga mlango mchana kweupe wateja wakiwa nje. Akakaa juu ya gunia la chumvi, akaanza kumenya machungwa.

"Kaa, Perusi. Mimi hii njia naijuaga."

Nikakaa. Nililia hadi machungwa yakaisha. Kesho yake akanipeleka hospitali yeye mwenyewe, na hakumwambia mtu. Nipo hai nawaandikia kwa sababu ya mwanamke huyu.

Baba mkwe wake, mpaka Mungu alipomchukua, kila akija Bunda alikuwa anawekewa sato mzima, kichwa kimetokeza nje ya sahani. Mzee anakikata, anamrudishia. "Hiki chako, mwanangu." Nyangeta alikuwa anakila mbele yetu wote, mikono imejaa mchuzi, na hajali.

Kesho msibani Majita nitakuwa jikoni. Nimeshawaambia wapishi, vichwa vya samaki visiguswe.

Asante, dada yangu, kwa kunifungia duka. Mnofu wako ulikuwa mzuri tangu ule wa kwanza, na hakuna trei iliyobaki mezani.

Weka kisu chini, Nyangeta, ulale.