Dereva Asiyeamini Tabasamu la Chuo

Alfajiri bado ina ukungu, na Orval Stidham anagonga magurudumu ya basi la shule kwa nyundo, moja baada ya jingine, huku ametega sikio. Anaingia uvunguni na tochi. Anawasha taa, anashuka kuzitazama, anaondoka, kisha anarudi kuzitazama tena.

"Halijawahi kuniharibikia njiani," anasema, akijifuta mikono kwenye suruali. "Kwa sababu sijawahi kuliamini."

Ndivyo alivyo Orval, dereva wa watoto wa bonde la Caney Fork, mashariki mwa Kentucky. Mwandishi huyu amezaliwa bonde hilohilo, na mama yake aliimba kwaya moja na mama yake Orval. Undugu huo haukumsaidia. Swali la kwanza aliloulizwa ni nani anayemlipa, gazeti au chuo.

Chuo ndicho kinachomnyima raha. Binti yake wa pekee, Kendra, anamaliza sekondari mwaka huu na anataka kusomea kemia katika chuo kilicho mbali, mwendo wa nusu siku kwa gari. Mshahara wa udereva haufiki dola elfu ishirini na tano kwa mwaka, hivyo bila ufadhili wa chuo chenyewe safari inaishia jikoni kwao. Na ufadhili huo hautolewi mpaka mtoto akakitembelee chuo, kisha akae mbele ya mtu ahojiwe.

Tangu Kendra afanye mtihani wa kuingia vyuoni, sanduku la barua limejaa vipeperushi vyenye vijana wanaocheka chini ya miti. Orval alivisoma vyote na vyote akavitilia shaka. Wanacheka nini hawa, aliuliza, na nani aliwapa jina la mwanangu? Zamani baba yake alitembelewa na bwana mmoja wa kampuni ya makaa ya mawe, mwenye tai na tabasamu, akashawishika kutia saini ya kuwaruhusu wachimbe. Mlima uliokuwa nyuma ya nyumba yao haupo tena. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Orval unyasi anauona kila mahali.

Hata hivyo alikubali kumwandaa binti yake. Bi. Pennington, mshauri wa wanafunzi pale shuleni, alimpa maswali ya mazoezi. Orval akafunga tai yake ya mazishi, akakaa mezani jikoni, akawa mhojaji.

"Umefanya nini cha kujivunia?"

"Hakuna cha maana," akajibu Kendra.

Orval akatikisa kichwa kuafiki. "Vizuri. Swali la pili."

Mkewe, Twyla, akamrushia kitambaa cha vyombo. "Vizuri kitu gani? Endelea hivyo. Nafasi watampa mtoto wa mwenzio, wewe ubaki na heshima zako."

Huku kwetu hakuna aibu kubwa kama kujisifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na anayejisifu mwenyewe tunamhesabu mwongo moja kwa moja. Wahojaji wa vyuo hawalijui hilo. Wakiona mtoto wa milimani amenyamaza, wanadhani hana kitu kichwani. Bi. Pennington anasema ameona wanafunzi wazuri wakirudi mikono mitupu kwa sababu hiyo tu, na inamuuma. Wiki nzima walifanya mazoezi, na kila Kendra alipoanza kujieleza alimtupia baba yake jicho, akaishia katikati.

Siku ya ziara ikafika, Jumatano. Mwanafunzi aliyewatembeza wageni alikwenda kinyumenyume ili azungumze nao uso kwa uso. Orval akamnong'oneza mkewe kwamba mtu anayetembea hivyo hataki uone anakokupeleka. Akachepuka, akakagua mitungi ya kuzimia moto bwenini, akasukuma mlango wa dharura. Ukafunguka vizuri, na hilo nalo likamtia wasiwasi. Chakula cha mchana kilikuwa cha bure. Yeye alikula maharage na mkate wa mahindi aliotoka nao nyumbani, ndani ya gari lake, milango imefungwa.

Mahojiano yalikuwa mafupi mno. Mhojaji, Bi. Aldridge, akatoka na Kendra kuwasalimia wazazi. Akasema binti yao ni mstaarabu, ila hakusema lolote kuhusu nafsi yake. Je, baba ana la kuongeza?

Orval anakiri alidhani ni mtego. Akisema, ni mwenye majivuno. Asiposema, mtoto amekwisha. Kendra alikuwa ameinamia viatu vyake.

"Anaosha picha," akasema.

Bi. Aldridge akauliza picha gani.

"Mafuriko yalipopita kwetu, watu walitupa picha zao, zimeshikana kwa matope. Huyu akaziokota. Akajifunza mwenyewe kuzibandua kwenye maji baridi, akazianika kwenye kamba ukumbi mzima wa kanisa. Ya marehemu mama yangu ilikuwa moja tu duniani, nikaikuta pale. Nikaichukua nikaondoka. Sijamwambia asante mpaka leo. Yeye hawezi kukusimulia haya. Mimi ndiye niliyemfundisha asiseme. Usimhesabie kosa."

Walikuwa njiani kurudi, milima imeshaanza.

"Umenitia aibu, baba," Kendra akasema.

"Najua."

"Ungeniambia mimi kwanza."

Orval akapunguza mwendo, ingawa barabara ilikuwa tupu.

Majibu yatatoka mwezi wa tatu. Bi. Aldridge alifuta machozi siku ile, lakini Orval hajajiachia. "Pengine hulia kila Jumatano," anasema. Binti akikubaliwa, amepanga kurudi kule bila taarifa, siku ya mvua, aone mahali hapo pakoje wakati hapangoji wageni.

Alasiri, mtoto wa mwisho akishashuka, Orval anaegesha basi kwenye uwanja wa shule na kwenda hadi nyuma, akiinama kila kiti. Ni kanuni ya kazi, asije akamfungia ndani mtoto aliyesinzia. Madereva wengine huangaza macho wakiwa wamesimama mbele. Yeye haamini.

Kiti cha mwisho kushoto amekikalia Kendra tangu darasa la kwanza. Leo yupo, amepitiwa na usingizi, kitabu cha kemia kifuani. Baba yake hamwamshi upesi.

"Mwezi wa nane, chuo kikifunguliwa, nataka nifike hapa nikute hakuna mtu," anasema kwa sauti ya chini. "Nitainama niangalie vilevile."