Baruti ya Kanisani

Tangazo la kupiga marufuku fataki lilipotoka, mimi nililishangilia kuliko mtu yeyote wa Nakuru. Nilikuwa Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, nimetoka zamu ya kufunga maua, nikalisikia kwenye redio ya jirani: mwaka huu hakuna kulipua chochote bila kibali, askari wataongezwa kutoka kaunti nyingine, na mzazi atakayemwachia mtoto alipue atashikwa yeye. Nikampigia ndugu yangu simu palepale. Nikamwambia sasa Mama atafunga mwaka kwa amani. Akasema, "Sawa sista, tutaona." Jibu hilo lilinikera. Mimi hukerwa na watu wasiofurahi ninapofurahi.

Mama yetu hawezi kustahimili milipuko. Mwaka ule wa fujo za uchaguzi tulikuwa tukiishi Naivasha, na kuna usiku tuliokesha chini ya kitanda, mimi msichana mkubwa wa kutosha kuelewa, ndugu yangu bado wa kubebwa mgongoni, huku bunduki zikilia nje. Tuliokoka. Baadaye tukahamia Nakuru, kwenye nyumba za zamani za reli ambako Mama alizaliwa, kwa kuwa baba yake alitoka magharibi kuja kufanya kazi kwenye karakana za treni. Lakini tangu hapo, kila siku ya mwisho wa mwaka, vijana wakianza kulipua fataki zao, Mama hutetemeka mwili mzima. Mwaka mmoja alianguka jikoni, mafuta ya chapati yakamuunguza mkono.

Ndugu yangu peke yake ndiye aliyeweza kumtuliza. Alivyofanya mimi sikujua, maana shamba la maua halina likizo ya Desemba. Waridi za Februari, za siku ya wapendanao, haziwezi kungoja mtu ale Krismasi. Nilijua tu kwamba siku hiyo, giza likiingia, ndugu yangu ni lazima awe nyumbani. Kazi yake ni bodaboda, na siku hiyo hufunga mapema hata wateja wakimlilia. Mwaka huu nilipata ruhusa kwa bahati, nikasema na mimi nitakuwepo, na kwa kuwa kuna marufuku, tutakaa tu tunywe chai.

Asubuhi ya siku hiyo Mama alimtuma ndugu yangu stilwulu, ile sufi ya chuma ya kusugulia sufuria. Mama haingii mwaka mpya na sufuria nyeusi. Akasema alete za kutosha, awagawie na majirani. Sote watatu tulisahau kwamba watoto wa mtaani huifunga stilwulu kwenye waya, wakaiwasha, wakaizungusha juu ya kichwa hadi cheche zikatawanyika kila upande. Wasiokuwa na pesa za fataki, hiyo ndiyo fataki yao. Mchana nikapigiwa simu na mwenzake ndugu yangu wa steji ya bodaboda.

"Sista, niaje. Brathe yako ameshikwa."

"Kwa nini?"

"Karao walikuja kusachi pikipiki. Wamepata stilwulu. Halafu wakasoma simu yake. Kuja haraka, hiyo simu ndiyo imeharibu."

Nilimwambia Mama kwamba naenda dukani. Akaniangalia viatu, akaona nimevaa vya kutembea mbali. Nikakimbia.

Kituoni nilimkuta askari aliyemshika. Alikuwa kijana safi, mpole, mmoja wa wale walioletwa kuongeza nguvu, na alipofungua mdomo nikajua ametoka Pwani. Mgeni aje mwenyeji apone, wanasema. Huyu alikuja wenyeji tukaugua. Aliniomba niketi. Nikakataa kuketi. Akachukua simu ya ndugu yangu na kunisomea ujumbe aliokuwa amemwandikia mwenzake wa steji, akisoma taratibu kwa ile sauti yao ya kukariri.

"'Leo niko na Baruti nne na London moja. Ya mwisho ni ile Baruti ya kanisani, saa kumi na mbili, halafu nafunga.' Dada yangu, hebu nielezee."

Nilicheka. Lilikuwa kosa kubwa, kwa sababu hakuna askari anayependa kuchekwa akiwa na ushahidi mkononi. Nikamwelezea kwamba Baruti ni mahali, pembezoni mwa mji, ukishapita Kaptembwo. Watu wanaishi huko, wanalima, wanafuga. London nayo ni mtaa mwingine wa hapa hapa Nakuru, hakuna ndege inayohitajika kufika. Na watu wa bodaboda humwita abiria kwa jina la anakokwenda. Baruti nne ni abiria wanne wa kwenda Baruti.

Akatikisa kichwa kwa huruma, kama mwalimu aliyesikia jibu la uvivu.

"Dada yangu, mimi Kiswahili nimezaliwa nacho. Watu ni wanne. Nne ni vitu. Lau wangekuwa watu, angeandika 'Baruti wanne.' Huyu ameandika nne. Na moja ataipeleka kanisani, jioni, waumini wakiwemo. Mimi nimwachilie?"

Kwa sarufi alikuwa sahihi kabisa. Shuleni nilichapwa kwa hizo ngeli na sikuzishika. Sisi huku husema watu nne, watoto mbili, gari inakuja, na hatujawahi kukosana. Nilimwambia, "Afande, hapa Nakuru hakuna mtu anasema wanne." Akanitazama kana kwamba nimetukana mama yake. Ndugu yangu alikuwa nyuma ya ukuta ule kwa sababu ya herufi mbili, na jua lilikuwa limeshaanza kuelekea upande wa Molo.

Kubishana hakungenisaidia. Nikakumbuka kwamba hiyo Baruti ya kanisani ina miguu, na mimi namjua: ni mama mmoja mzee wa kwaya, anayepamba kanisa kila sikukuu, na ndugu yangu humrudisha kwake akimaliza. Nikachukua pikipiki hadi kanisani. Nikamkuta amepanda kiti, anafunga karatasi za rangi kwenye madirisha kwa ajili ya kesha. Nilimwelezea huku nikimvuta mkono. Hakuuliza mara mbili. Alishuka, akafunga kitambaa vizuri kichwani, akapanda pikipiki nyuma yangu, na njia nzima alikuwa akisali kwa sauti, sijui kwa ajili ya ndugu yangu au kwa ajili ya mwendo tuliokuwa nao.

Alipoingia kituoni alikwenda moja kwa moja hadi mezani.

"Ni wewe unatafuta Baruti ya kanisani?"

"Ndiyo, mama."

"Ni mimi. Sasa nilipuke, ama nikae kwanza?"

Askari wa meza, mwanamke wa huku kwetu, aliinamisha kichwa akacheka hadi kofia ikamtoka. Kijana wa Pwani alimtazama yule mzee, akaitazama simu, akamtazama tena. Kisha akaweka mkono mdomoni. Sikumpenda, lakini nasema ukweli, aliona haya kwa dhati. Akamwomba mzee radhi kwa heshima zote, akamletea kiti mwenyewe.

Nikadhani tumemaliza. Nikauliza ndugu yangu anatoka mlango upi. Wakatazamana. Yule mwanamke wa meza akaniambia kwa sauti ya chini kwamba jina limeshaandikwa, na aliyeshikwa kwa mambo ya fataki leo hatoki bila mkubwa wa kituo, na mkubwa wa kituo yuko doria, anazunguka mitaani kuzuia fataki.

"Anarudi saa ngapi?"

"Sista, leo? Watu wakinyamaza, atarudi."

Nilizunguka pale ndani. Nilitoka nje, nikarudi. Niliwaambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya yule mzee wa kanisa, na yeye alikuwepo akayasikia. Niliwaambia kwamba Mama yuko peke yake na hawezi kukaa peke yake leo. Yule kijana wa Pwani akasema angempigia mkubwa simu, akapiga, haikushikwa. Akapiga tena. Ndipo ndugu yangu akaita kutoka nyuma, lazima alikuwa amebandika mdomo kwenye nondo za mlango.

"Sista, wachana na hao. Enda home. Giza inaingia."

Sauti yake ndiyo iliyonitisha. Hakuwa akijihofia hata kidogo. Yeye alitoka kesho yake asubuhi, mkubwa wa kituo alicheka kama wengine wote, na hata leo pale steji wanamwita Baruti Nne. Lakini jioni ile alibaki ndani, na mimi nikaenda kushika nafasi yake bila kujua nafasi yenyewe hushikwa vipi.

Nilifika nyumbani wakati taa za mtaa zinawashwa. Vijana walikuwa wamepiga hesabu zao: askari watawangoja saa sita usiku, basi wao wakaamua kulipua saa moja. Nilipofungua mlango, fataki ya kwanza ikapasuka, upande wa uwanja. Papo hapo nikasikia miguu, miguu mingi ikikimbia, mtu akinong'ona "karao, karao," milango ikifungwa. Kisha kimya. Mtaa mzima ulinyamaza.

Mama alikuwa amekaa sakafuni kati ya kabati na ukuta, magoti kifuani. Sufuria alizozisugua kwa majivu zilikuwa zimepangwa mezani, zinang'aa. Nilijitupa kando yake nikamkumbatia, nikaweka viganja vyangu juu ya masikio yake. Alinisukuma kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Usinizibe. Nitasikiaje?"

"Usisikie, Mama. Ni fataki tu."

"Unajuaje?" Alikuwa akitetemeka hadi meno yanagongana. "Ndugu yako yuko wapi?"

"Anakuja."

Ikalia ya pili. Miguu tena. Kimya tena. Mama akashika nguo yangu, akaniambia maneno kwa vipande, na ndipo nikaelewa nilichokuwa nimekishangilia kule Kamere. Mlio wenyewe haukuwa shida yake kubwa. Mlio humtetemesha, lakini hupita. Shida yake ilikuwa kile kinachofuata. Fataki ikilia, watoto hucheka. Kila mwaka ndugu yangu hukaa nje mlangoni na watoto wa jirani, na kila ikilia yeye hucheka kwa sauti kubwa kuliko wote, ili Mama aliye ndani asikie, ajue ni mchezo. Usiku ule wa Naivasha hakuna aliyecheka. Bunduki ililia, watu wakakimbia, kukawa kimya, ikalia tena. Mama alikuwa amemziba ndugu yangu mdomo chini ya kitanda asitoe sauti.

"Mbona mwaka huu hawacheki?" akaniuliza. "Wanakimbia nini?"

Niliona aibu na hasira kwa pamoja. Marufuku yangu nzuri ilikuwa imechukua kicheko, ikatuachia mlio, mbio na kimya, mambo yale yale. Nikainuka, nikatoka nje, nikaurudisha mlango, nikasimama kizingitini nikiwa na leso begani. Mtaa ulikuwa mtupu. Vichwa vya watoto vilikuwa vikichungulia kwenye kona ya choo.

Ikalia ya tatu. Mimi sijui kucheka nisipochekeshwa. Kilichonitoka cha kwanza kilikuwa kama kikohozi. Nikajaribu tena, nikacheka kwa nguvu, ha ha, kama mwendawazimu, na mtoto mmoja kule kwenye kona akanicheka mimi, na wa pili akamcheka wa kwanza. Nikawaambia wacheke zaidi, hakuna atakayewashika kwa kucheka. Ikalia ya nne tukacheka wote.

"Ni ya watoto?" Mama akauliza kutoka ndani.

"Ni ya watoto, Mama."

Nilisikia kiti kikivutwa. Alikuwa ameinuka.

Kisha gari la doria likaingia kwa upande wa uwanja, taa zimezimwa. Watoto wakatoweka kabla sijageuka. Kikatoka kishindo kizito, cha karibu, kilichotikisa mabati, na moshi mweupe ukaanza kutambaa kati ya nyumba. Hiyo haikuwa fataki. Walikuwa wanatawanya watu kwa mabomu ya machozi ili kusiwe na milipuko.

Mtaa ukanyamaza. Ndani Mama naye akanyamaza, na nikajua anangoja.

Nikacheka. Nilicheka peke yangu, kwa sauti yote niliyo nayo, na macho yakaanza kuniwasha.

"Na hiyo?" akauliza. "Hiyo pia ni ya watoto?"

"Ndiyo, Mama. Ni ya watoto."

Nikavua leso begani, nikapiga magoti, nikaisukuma kwenye ufa wa chini ya mlango ili moshi usiingie, nikaendelea kucheka.