Kipande cha Nta cha Tina

Miaka kumi na tisa Nkongolo alikata nyama za watu, nyembamba kuliko ganda la kitunguu, katika maabara ya hospitali ya mgodi huko Kolwezi. Hakuna hata moja iliyomtoa jasho kama ya mkewe, Tina. Madaktari walimtibu kifua kikuu, maana Kolwezi kila anayekohoa ana kifua kikuu mpaka afe. Nkongolo hakukubali. Uvimbe wa kifuani ulipotolewa kipande, alikigandisha mwenyewe ndani ya nta, akakata, akapaka rangi, akainamia hadubini siku tatu. Aliona seli kubwa kubwa zimebanana, na katikati yake mabaki ya ile tezi ndogo ya nyuma ya mfupa wa kidari. Ugonjwa ulikuwa umezaliwa humo. Ilikuwa saratani, tena ya aina yenye dawa, lakini nani angemwandikia dawa kwa neno la fundi wa maabara? Lazima daktari wa Kinshasa akione kipande chenyewe.

Kabla hajakituma, mwaka 1993 ukawafikia. Watu wa asili ya Kasai, mkoa wa jirani, wakaambiwa na wakuu wa mkoa warudi kwao, hata yeye aliyezaliwa Kolwezi. Vioo vyote vya maabara, na vile vya Tina vya kutazamia kwa hadubini, vilivunjwa. Akaondoka na kile kipande cha nta tu, ndani ya kopo la maziwa.

Wiki ya nne walikuwa bado stesheni wakingoja treni, chini ya turubai moja na mama mkwe wake, Tshibola. Kwa Waluba, kabila lao, mkwe hamtazami mama mkwe usoni wala hamsemeshi. Neno hupitia kwa mke. Nkongolo alimwomba Tina amwambie mama yake kopo lile lisiguswe. Homa ilimpanda Tina, akasahau.

Mchana mmoja Nkongolo alirudi kutoka kutafuta unga, akakuta beseni lao lililopasuka limejaa maji, na kopo li wazi. Akamwomba Tina aulize.

"Beseni ilikuwa inavuja, nikaiziba na ile bougie, ule mushumaa wa mu kopo," Tshibola alimjibu binti yake. "Mulikuwa kanyama kakauka mundani, nikakatupa. Mutoto wangu atakunywa mayi ya wapi?"

Heshima si utumwa, husema watu. Siku ile ilikuwa utumwa mtupu: Nkongolo alitaka kupiga kelele, akaishia kutazama chini. Kisha akachota maji, akampa Tina anywe vidonge vyake vya kifua kikuu. Beseni halikuvuja hata tone.