Niliuza pikapu yangu ya turbo Beni, mnunuzi akataka sauti tu

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, simu ililia. Mnunuzi alikuwa amepatikana.

Salamu wakuu. Ninayoyasimulia niliyaona mwenyewe, na mke wangu ni shahidi.

Mimi ni fundi wa redio hapa Butembo. Umakanika nilijifunza vitabuni. Kwa miaka mitatu niliijenga pikapu yangu: turbo kubwa ya kusukumia hewa ndani ya mota, matairi mapana, na springi fupi ili gari liwe chini.

Kitabu hakikusema kwamba gari la chini linahitaji barabara ya lami.

Kwa nini niliiuza? Kavira, mke wangu, amelima kiwanja cha Rughenda, hapa hapa Butembo, miaka tisa kwa kukodi. Mwenye kiwanja alitaka dola 8,000 kabla ya Jumamosi, la sivyo angempa mtu mwingine.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Tukashuka Beni wote wawili. Mimi nilibeba kurasa nne za maelezo. Kavira alikuja kunizuia nisizisome.

Mnunuzi, Mzee Kasereka, ni mfanyabiashara wa viazi katika mtaa wa Beu. Hakufungua boneti. Kwetu gari hupimwa kwa mifuko. Akaamuru ipakiwe minane.

Kwenye mfuko wa sita, bodi iligusa matairi.

"Enjenieri, hii gari inabeba ama inaatamia mayai?" Mzee akauliza.

Wapakiaji wakacheka. Nikaanza kueleza kuhusu kitovu cha uzito. Kavira akanifinya.

"Bon, mushushe ile mifuko. Tutembee kidogo, donc nisikie mota," Mzee akaamuru.

Tukaenda upande wa soko. Nilipoachia mafuta, vali ikatoa hewa ya turbo kama kawaida yake: PSHIII!

Wakuu, kila dereva wa huko anaijua sauti hiyo. Ni breki ya hewa ya lori kubwa.

Mama mmoja akavuta beseni lake la maparachichi. Mwenye pikipiki akaingia mtaroni kwa hiari yake. Wote walitazama nyuma yetu kutafuta lori.

Mzee aligeuka kumtazama mwenye pikipiki mtaroni. Kisha:

"Fanya tena."

Tulipita pale mara nne. Mara ya tatu wapakiaji wawili wa soko walitukimbilia. "Patron! Lori iko wapi? Tushushe mizigo!"

"Inakuya nyuma," Mzee akawajibu, bila haya.

Tuliporudi kwake alitangaza uamuzi. "Napana dola 8,200. Mais ile turbo utoe, itakula mazuti, na dizeli ni bei. Uniachie sauti tu."

Nilimweleza kwamba sauti inatoka kwa turbo. Nikachora mchoro. Nikageuza karatasi, nikachora wa pili.

"Sasa naona iko mambo mingi," akasema. "7,500."

Nikachukua karatasi ya tatu.

"Baba Masika, nyamaza!" Kavira akaninyang'anya kalamu. Akamgeukia mzee. "Baba, turbo ikitoka, sauti hapana. Na sauti ikikosa, batu ba soko batasema Mzee Kasereka iko na pikapu sawa ya kila mutu."

Mzee akatazama barabara, kisha gari, kisha Kavira.

"Turbo ibakie. 8,200. Mais murudishe springi ya kubeba viazi. Na huyu bwana yako hapana kuongeza kitu."

Sikuongeza.

Ijumaa kiwanja kikaandikwa kwa jina la Kavira. Ni haki: ndiye aliyeuza gari.

Nilichojifunza: mtu hununua kile alichosikia, si kile ulichomwelezea. Ukiona mnunuzi ametabasamu, weka kalamu mfukoni.

Nyie je, mmewahi kuuza chombo kwa sababu ambayo hamkuitarajia? Leteni visa vyenu. Wa kuniuliza nilitumia turbo ya ukubwa gani pia anakaribishwa, Kavira yuko shambani.

Hesabu: gari 7,000, vipuri 5,340, springi za kurudisha 65. Nilipokea 8,200.

Hasara kamili: dola 4,205.